Anafaulu, Lakini Je, Anajua?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, barua zinazoletwa katika ukurasa huu huongezeka, na nyingi huuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Safari hii nimechagua nne. Nimezifupisha na nimeyaondoa majina kama wenyewe walivyoomba.

*Mwalimu, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu na nina duka la nafaka hapa Morogoro. Kijana wangu wa kwanza yuko kidato cha tatu, na tangu kidato cha kwanza hajawahi kutoka kwenye kumi bora. Mwezi uliopita nilinunua maharage kwa bei iliyopanda, nikamwomba anisaidie kujua niuze kilo kwa bei gani ili nipate faida ya asilimia 15 baada ya kutoa nauli ya lori na ushuru. Alitulia kidogo, kisha akaniuliza: "Mama, hilo ni swali la mada gani?" Nilipomwambia kuwa si la mada yoyote, ni la dukani, akashindwa. Hesabu muhula uliopita alipata 84. Baba yake amemwahidi simu akipata daraja la kwanza mwakani, na sasa kila nikimweleza jambo ananijibu, "Hilo halitoki kwenye mtihani." Je, mtoto huyu anasoma, au anapita tu? Na ile ahadi ya simu tuitimize au tuiache? — Mama mwenye duka, Morogoro*

Mama, salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu ya lile swali la kijana wako. Katika miaka yote niliyosimama mbele ya darasa sijapata kusikia maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo kuhusu namna tunavyofundisha hesabu. Kijana hakukukwepa. Alikuuliza kitu ambacho darasani, tangu darasa la kwanza hadi leo, hajawahi kukosa kuambiwa.

Lifikirie zoezi la hesabu lilivyo katika daftari lake. Mwalimu anaandika kichwa cha mada ubaoni, anaonyesha njia, anafanya mifano miwili, kisha anatoa maswali kumi ambayo yote yanafuata njia ileile. Mwanafunzi hana haja ya kujiuliza atumie njia gani, kwa kuwa kichwa cha ukurasa kimeshamchagulia, na mara nyingi hata jaribio la mwisho wa mwezi huwa la mada hiyohiyo moja. Kwa hiyo ile 84 ni ya kweli, na nakuomba usimwambie kuwa ni ya uongo. Inasema kwamba akionyeshwa mlango anaweza kuingia. Isichokisema ni kama anaweza kuutafuta mlango mwenyewe, na dukani hakuna mtu anayeandika kichwa cha mada juu ya gunia.

Dawa yake unayo wewe, tena umekaa juu yake kila siku. Mchukue kijana mkae na gunia moja tu. Tuseme gunia la kilo 100 umelinunua kwa shilingi 250,000, nauli ya lori ni 5,000 na ushuru ni 1,000. Mwache agundue mwenyewe kwamba gharama yake yote ni 256,000, kwamba asilimia 15 ya hiyo ni 38,400, na kwamba gunia zima inabidi liingize 294,400, yaani shilingi 2,944 kwa kilo, ambazo mwenye duka atazifanya 2,950. Hapo atafurahi na kudhani amemaliza. Ndipo umwambie lile ambalo kitabu chake hakimwambii: kwamba ukichekecha gunia hilo, mawe na makapi yanaondoka na kilo mbili, ukabaki na 98 za kuuza. Mwulize faida imekuwa ngapi. Akihesabu vizuri ataona kwamba kwa bei ileile ya 2,950 faida imeshuka ikawa chini ya asilimia 13, na kwamba ili uipate 15 yako kilo inabidi iuzwe kwa kupita kidogo shilingi 3,004. Halafu mwulize swali ambalo halina jibu moja: jirani yako anauza 2,900, nawe ufanyeje? Usimpe kazi hii kama adhabu wala kama mtihani wa kumfedhehesha. Mkabidhi kabisa, awe ndiye mwenye kupanga bei ya maharage mwezi mzima, na akikosea mkubali hasara ndogo pamoja. Mtu hujifunza kuchagua njia kwa kuchagua, na ni lazima uchaguzi wake uwe na matokeo anayoyaona.

Nije kwenye lile jibu lake kwamba jambo fulani halitoki kwenye mtihani. Najua linakuumiza, lakini usilichukue kama ukaidi. Mtoto huyu ametusoma sisi watu wazima kwa makini kuliko anavyosoma vitabu vyake. Kwa miaka kumi, kila alipofungua mlango wa nyumbani na karatasi mkononi, swali la kwanza lilikuwa "Umepata ngapi?" na la pili "Umekuwa wa ngapi?" Hakuna aliyemwuliza wiki hii amekutana na jambo gani lililomshangaza, au ni swali gani amelikosa na kwa nini. Amefanya hesabu yake akaona kwamba tunachokitaka ni namba, naye anatuletea namba. Huo ni utii.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya siasa alifundisha pale Pugu, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule za msingi zilikuwa zimegeuzwa kuwa njia ya kuwatafuta wachache wa kwenda sekondari, hata wale wengi waliobaki wakajiona wameshindwa maisha, na akataka mitihani ishushwe hadhi katika fikra za serikali na za wananchi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe, asipimwe kwa karatasi ya mwisho peke yake. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 nao uliahidi kujenga umahiri badala ya kukariri. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa, uamuzi ambao naupongeza kwa moyo wote. Lakini Baraza haliwezi kuingia sebuleni kwetu, na sebuleni bado tunapanga watoto kwa nafasi.

Sasa ahadi ya simu. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walikwenda kwenye shule ya chekechea wakachagua watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota na utepe wakichora. Wengine walipewa cheti hichohicho baada ya kuchora bila kuahidiwa. Wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani, safari hii bila ahadi yoyote. Watoto walioahidiwa cheti walizitumia kwa karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao, na wale waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupungukiwa hamu hata kidogo. Kwa hiyo kilichodhuru hakikuwa zawadi yenyewe. Kilichodhuru ni ile biashara iliyotangulia: fanya hiki upate kile. Mtoto alianza kuchora kwa kupenda, akamaliza akiwa kibarua, na kibarua bila ujira hana sababu ya kuendelea.

Siwezi kusema kwamba kila ahadi ni sumu. Mtoto asiyependa somo hata chembe, zawadi ndogo inaweza kumfikisha mahali pa kuanza. Lakini kijana wako si wa namna hiyo. Maoni yangu ni kwamba baba aitimize ahadi yake kama kijana atafikia daraja hilo, kwa sababu mtoto anayeona neno la baba linavunjwa hujifunza jambo baya kuliko kukariri. Ila iwe ahadi ya mwisho ya aina hiyo. Na kama kuna siku mtapenda kumzawadia, mzawadieni bila kumtangazia, kwa jambo alilolitafuta mwenyewe, kama hiyo bei ya maharage.

*Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni hapa Dodoma, nasoma uhasibu. Naandika kwa aibu. Matokeo yangu ni mazuri na sijawahi kupata sapu, lakini ukweli ni kwamba sisomi hadi wiki ya mwisho, ambapo natafuta desa za waliotutangulia, nakesha siku nne, nafaulu, na baada ya hapo sikumbuki kitu. Likizo nilijitolea katika ofisi moja, nikapewa taarifa ya benki na daftari la fedha nioanishe tofauti zake. Somo hilo nilipata A. Nilikaa nalo asubuhi nzima bila kujua nianzie wapi, hadi karani asiye na shahada akanionyesha. Tangu siku hiyo sina hamu ya chuo. Je, niache? — Mwanachuo, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Usiache. Wewe umeshaona kwa macho yako kitu ambacho wengi hukiona wakiwa wameajiriwa na wamechelewa, na aibu uliyoipata mbele ya yule karani ina thamani kuliko ile A, mradi usiikimbie.

Nianze na kusahau, kwa sababu nahisi unadhani una tatizo la kumbukumbu. Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi gani kimebaki baada ya dakika, saa na siku. Aliona kwamba sehemu kubwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, na kwamba anayegawa marudio yake katika siku kadhaa hushika zaidi kuliko anayeyarundika kwa mkupuo. Wewe unakesha siku nne na silabi zisizo na maana, maana desa bila uelewa ni silabi tu, halafu unashangaa zinapoondoka. Hakuna kichwa ambacho kingezishika.

Kuna tofauti nyingine iliyo ndani zaidi ya muda. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Sweden, Marton na Säljö, waliwapa wanachuo makala waisome, wakijua wataulizwa. Waliwauliza pia walivyosoma. Baadhi walikuwa wakisoma huku wakiwinda sentensi ambazo huenda zikaulizwa, na akili yao yote ilikuwa kwenye maneno. Wengine walikuwa wakijiuliza mwandishi anataka kusema nini na hoja zake zinashikanaje. Kundi la kwanza lilitoka na vipande, na mara nyingi likakosa hata jambo kuu la makala. Usifikiri kundi la kwanza lilikuwa la wavivu. Wapo waliojitahidi sana, kama wewe unavyokesha. Waliutazama mtihani unaokuja, makala yenyewe hawakuitazama.

Kuhusu hamu, nadhani unaisubiri itangulie. Unaamini kwamba siku hamu itakaporudi ndipo utasoma vizuri, na kwa kuwa hairudi, unaona chuo hakikufai. Niliyoyaona kwa wanafunzi wangu ni kinyume chake mara nyingi zaidi: mtu huelewa jambo moja dogo kwa jasho lake, akaona kwamba ameliweza, na hamu ikaja nyuma ya hapo. Nani angependa somo ambalo hajawahi kulielewa, hata kama amelifaulu?

Kwa hiyo anza na lilelile lililokuaibisha. Tafuta taarifa ya benki ya mfano na daftari la fedha, funga desa, chukua karatasi tupu, ujaribu kueleza kwa nini namba mbili zinazohusu fedha zilezile zinaweza kutofautiana: hundi iliyoandikwa lakini haijapelekwa benki, makato ya benki ambayo mwenye daftari hajayajua, fedha iliyowekwa jioni ikaingizwa kesho yake, na kosa la kawaida la mwandishi. Ukiweza kumweleza hayo mdogo wako kwa Kiswahili akaelewa, umelijua. Ukikwama mahali, hapo ulipokwama ndipo pa kusoma, na utashangaa jinsi sehemu yenyewe ilivyo fupi. Fanya hivyo kila Jumamosi kwa mada moja ya wiki hiyo, na baada ya wiki mbili irudie bila kutazama. Kama inawezekana, rudi kwa yule karani umwombe akufundishe zaidi. Watu wa kazi hufurahi kuulizwa.

Sikuambii udharau mitihani. Najua mkopo wako unategemea kufaulu, najua waajiri hutazama alama kabla ya kukutazama wewe, na mtu anayekwambia alama hazina maana huenda hajawahi kuzihitaji. Ninachokuomba ni kwamba usiruhusu wiki moja ya mwisho wa muhula iwe ndiyo muhula wote.

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne Mbeya. Kaka yangu anasema kufanya pasti pepa ni kukariri tu na si kusoma. Je, ni kweli niache? — Mtahiniwa*

Marahaba. Inategemea unavyozifanya. Ukikaa na pasti pepa pamoja na majibu yake, ukasoma swali kisha ukasoma jibu, kaka yako yuko sahihi. Ukizijibu vitabu vikiwa vimefungwa, umefanya mojawapo ya mambo bora ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya. Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walionyesha hilo mwaka 2006: wanachuo walisoma kifungu cha habari, kisha baadhi wakakisoma tena, na wengine wakaandika kwa kukumbuka bila kukitazama. Walipopimwa dakika tano baadaye waliorudia kusoma waliongoza, 81 kwa 75 kwa mia. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikuwa wamebaki na 42 na waliojipima walikuwa na 56. Kusoma tena hukupa faraja ya kuona kila kitu ni cha kawaida, na faraja hiyo hudumu hadi keshokutwa. Ukishajibu, kwa kila swali ulilokosa andika sababu kwa maneno yako. Na usichague maswali kwa kubashiri kwamba la mwaka fulani litarudi. Hiyo ni bahati nasibu.

*Mwalimu mwenzangu, salaam. Nafundisha fizikia sekondari ya kata, darasa moja lina wanafunzi zaidi ya sabini. Nilipotoka chuoni nilikuwa na ari kubwa. Sasa kila kikao naulizwa asilimia ya ufaulu na kama nimemaliza muhtasari wa somo. Wanafunzi wanachotaka ni noti za kunakili. Hawaulizi swali hata moja. Nikijaribu majadiliano, kimya. Nifanyeje, au nikubali kuwa mwandika noti? — Mwalimu wa fizikia, Kanda ya Ziwa*

Mwalimu mwenzangu, salaam na pole na kazi. Shinikizo unalolieleza nalijua. Wengi wetu tunaikumbuka Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata sifuri. Waziri Mkuu akaunda tume, alama zikapangwa upya, na tangu hapo hofu ya sifuri haijatoka katika ofisi za elimu. Mkuu wako wa shule naye anaulizwa na aliye juu yake. Simlaumu, na wewe usimlaumu. Lakini barua yako ina neno moja zito kuliko yote, nalo ni "kimya," na hapo ndipo nitakapokaa.

Kwa nini hawaulizi? Sababu ya kwanza, kwa maoni yangu kubwa kuliko zote, ni lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha miezi michache baadaye anatakiwa kufikiri kuhusu msongo, kani na mkondo wa umeme kwa Kiingereza ambacho hawezi kuombea hata ruhusa ya kwenda nje. Hawezi kuuliza kwa sababu hana maneno ya kuulizia, na hawezi kujibu kwa maneno yake kwa sababu maneno yake yamekatazwa mlangoni. Kilichobaki ni kukariri sentensi ya mwalimu kama ilivyo, pamoja na nukta yake. Nilifundisha jiografia, na nakiri kosa langu hapa. Nilikuwa na mwanafunzi aliyenipa maana ya mmomonyoko wa udongo kwa Kiingereza kisicho na dosari, nikampa alama zote. Wiki hiyohiyo mvua ilikuwa imechimba korongo nyuma ya bweni, njia ya kwenda kisimani ikakatika. Nilimwuliza huko nje, kwa Kiswahili, hii ni nini? Akanijibu, "Maji yameharibu njia." Nilipomwambia kwamba hicho ndicho alichokiandika kwenye jaribio, alinitazama kama nimemdanganya. Nilikuwa nimempa alama zote kwa kitu asichokuwa nacho, na aliyemnyima ni mimi, kwa sababu korongo lilikuwa hatua hamsini kutoka darasani na sikuwahi kuwapeleka.

Sababu ya pili ni kucheka na kuchekwa, na hapa fizikia ya nchi yetu ina kisa ambacho natamani kila mwalimu wa somo lako akisimulie. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, katika milima ya Usambara. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ya friji ilikuwa inakwisha, mwenzake akaweka maziwa bila kuyachemsha, na Mpemba akaweka yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomwuliza mwalimu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye akasikia kwamba wauza aiskrimu wa Tanga huweka ya moto ili yagande haraka. Alipofika kidato cha tano Mkwawa, Iringa, wakafikia kanuni ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na kuanzia hapo kila alipokosea hesabu aliambiwa ni hisabati ya Mpemba. Hakuacha. Alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akajaribu kwa maji katika vikombe viwili.

Kisha Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, akaitembelea shule hiyo. Mpemba alisimama akamwuliza kwa nini maji ya nyuzijoto 100 hutangulia kuganda kuliko ya 35 yakiwekwa pamoja kwenye friji. Wenzake walicheka. Osborne alimwuliza kama amejaribu kweli, akajibu ndiyo, na mgeni akasema hajui sababu lakini atakwenda kujaribu. Huko Dar es Salaam fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo aliripoti kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, akaahidi kuendelea kurudia hadi apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo pamoja katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza, na hadi leo dunia nzima huiita kwa jina la Mpemba. Wanafizikia wangali wanabishana kuhusu sababu yake, na hata kuhusu ni katika hali gani hutokea.

Tazama ni nani aliyemsaidia. Walimu wawili walilijua somo, na kwa kulijua wakamfungia mlango, mgeni alisema "sijui." Nawe una sabini mbele yako, na huna friji wala muda. Sikutaki uvunje maazimio yako ya kazi. Nakuomba dakika kumi za Ijumaa. Weka boksi la maswali darasani, waandike kwa Kiswahili bila majina, swali lolote kuhusu kitu walichokiona nyumbani au njiani. Wiki za kwanza yatakuwa machache na mengine ya utani, vumilia. Chagua moja ambalo wewe mwenyewe huna uhakika nalo, lisome mbele yao, sema hujui, kisha waulize tungelijaribuje. Anayecheka mwenzake mzuie palepale, kwa ukali kuliko unavyomzuia mchelewaji. Mkishapata jibu kwa Kiswahili ndipo mliandike pamoja kwa Kiingereza, sentensi mbili au tatu, maana mtihani wao utakuja kwa lugha hiyo na hatuwezi kuwaacha wauendee mikono mitupu.

Kama boksi litakuwa tupu Ijumaa ya kwanza, anza na mtungi. Jaza maji ya kisima kimoja kwenye mtungi wa udongo na kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, viweke kivulini asubuhi, na mchana kila mwanafunzi atie mkono kote kuwili. Waulize kwa nini maji ya mtungini ni baridi zaidi, na usiwaambie mapema habari ya maji yanayopenya kwenye vinyweleo vya udongo na kuondoka na joto yanapokauka. Waache wabishane. Mmoja atasema ni rangi, mwingine atasema ni unene, na mwingine atapapasa nje ya mtungi akute unyevunyevu; huyo wa tatu mpe chaki. Kisha niandikie yaliyotokea, na hapa patakuwa na nafasi yake.